Kituo cha Taifa cha Masomo kwa Intaneti: Tawi Lake Lifike Mpaka Kwetu



Tangu majuma matatu wamama wanatusimamisha njiani, sokoni, hata kwenye bomba la maji, na wote wana ulizo moja. Wamesikia watu wakizungumza juu ya kituo kimoja cha taifa cha masomo kwa intaneti, ambacho vyuo vikuu, wizara, makampuni ya simu na wafadhili wangekijenga kwa pamoja, ili mtoto wa Likasi asome somo lile lile analosoma mtoto wa Kinshasa. Wanauliza: kitafika kwetu, upande wa Shinkolobwe? Au ni habari za watu wa mji mkuu, sisi tubaki kupiga makofi?

Sisi walimu wa chama hiki tumekaa, tukaangalia mambo kama hayo yalivyokwenda kwa jirani zetu na hata hapa kwetu Katanga. Jibu letu ni hili: kitafika kama mapatano yatataja mapema nani analipa umeme, nani anamlipa mwalimu wa kusimamia, na masomo yatakuwa kwa lugha gani. Yasipotajwa, watatuletea kompyuta, watapiga picha, na baada ya miaka miwili kuku watatagia juu yake.

Tuanze na likilimba, maana hakuna mama asiyeijua. Wamama kumi, kila mmoja peke yake hana pesa ya kununua magunia ya unga kwa bei ya jumla. Wakichanga, magunia yananunuliwa na kila mmoja anapeleka nyumbani sehemu yake kwa bei ambayo peke yake asingeipata. Kituo cha pamoja cha masomo ni likilimba ya vyuo. Chuo kimoja hakiwezi kulipa intaneti ya nguvu, mashine za kuhifadhi masomo, mafundi, na walimu wa kuandika masomo na kuyarekodi. Vyuo ishirini vinaweza. Ndiyo maana ya ushirikiano, si maneno ya kwenye hotuba tu.

Wakenya walianza mapema. Mwaka 1999 vyuo vyao viliunda mtandao mmoja unaoitwa KENET, ili vinunue intaneti pamoja. Wakati ule intaneti ilipitia setilaiti na bei yake ilikuwa ya kutisha. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, wao walikuwa wamekwisha kujipanga: kulikuwa na mtu mmoja wa kujadiliana bei kwa niaba ya wote. Mwaka 2005 mitandao ya namna hiyo kutoka Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini iliungana na kuunda UbuntuNet Alliance, ambayo makao yake yako Lilongwe. Kongo nayo ina mtandao wake wa vyuo, unaandikwa Eb@le, neno la Lingala maana yake mto. Ulianzia Kinshasa kwa msaada wa vyuo vya Ubelgiji. Jina zuri. Lakini mto ukibaki Kinshasa, sisi wa huku tutaendelea kuchota kisimani.

Tusidhani basi kwamba tunaanza na sifuri. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Washington chuo kilichoitwa African Virtual University, yaani chuo kikuu cha Afrika kisicho na kuta. Masomo yalitoka ng'ambo, yakarushwa kwa setilaiti mpaka kwenye vyumba maalumu ndani ya vyuo vya Afrika. Mwanafunzi alikaa mbele ya televisheni akimsikiliza profesa aliye mbali, ambaye hajawahi kuona darasa lenye madirisha yasiyo na vioo. Mwaka 2002 chuo hicho kilihamia Nairobi, na mwaka 2003 serikali tano, yaani Kenya, Senegal, Mauritania, Mali na Côte d'Ivoire, zilitia sahihi mkataba wa kukifanya kuwa mali ya nchi zenyewe. Kongo iliingia baadaye.

Hapo ndipo kazi ilipogeuka. Kwa pesa za Benki ya Maendeleo ya Afrika, walimu wa vyuo vya nchi 10 walikaa pamoja wakaandika masomo yao wenyewe ya kuwafunza walimu: hesabu, fizikia, kemia, biolojia na kompyuta. Zilitoka moduli 73, kila moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na kila mtu aliruhusiwa kuzichukua bure. Sisi tuliosoma kwenye chuo cha ualimu kwa kunakili ubaoni, kwa sababu kitabu cha fizikia kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima, tunajua hilo ni jambo la uzito gani. Lakini angalieni zile lugha tatu. Kiswahili hakimo. Tutarudi hapo.

Na hapa kwetu? Wengine wamesahau, lakini Katanga imekwisha kuonja. Baada ya mkutano wa wakuu wa nchi zinazosema Kifaransa uliofanyika Bucarest mwaka 2006, shirika lao la OIF pamoja na AUF, ambayo ni muungano wa vyuo vinavyofundisha kwa Kifaransa, vilianzisha kazi inayoitwa IFADEM. Shabaha yake ni kuwafunza walimu wa shule za msingi bila kuwatoa kwenye madarasa yao. Ilianzia Benin, Burundi, Haiti na Madagascar, kisha ikaja Kongo, na jimbo la kwanza lilikuwa Katanga, wakati ule bado jimbo moja kubwa.

Tunaipenda IFADEM kwa sababu haikuwa ya kujionyesha. Mwalimu alipewa vijitabu na masomo ya kusikiliza. Alisoma nyumbani jioni, akaonja somo darasani asubuhi, na kila mara walikusanyika na msimamizi wao kuulizana. Vyumba vya kompyuta viliwekwa mahali pa mafunzo, lakini vilikuwa msaada, havikuwa roho ya kazi. Roho ilikuwa yule msimamizi anayekujua jina, anayekupigia simu kukuuliza mbona hujamaliza kijitabu cha pili. Mwishoni mwalimu alifanya mtihani na wizara ikautambua. Mtu anayesema masomo ya mbali hayawezekani Katanga, mwambieni yamekwisha kufanyika.

Mwaka 2020 ulitufundisha jambo lingine. Tarehe 18 Machi Rais Tshisekedi alitangaza shule zifungwe kwa ajili ya korona. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi Agosti, wengine walingoja zaidi. Katika miezi ile Radio Okapi, pamoja na UNICEF na wizara, ilianzisha kipindi cha Okapi École, masomo ya shule kwenye redio. Ilikuwa kazi nzuri na tuliwahimiza wazazi. Hata hivyo redio haiulizwi ulizo. Mtoto akikwama kwenye sehemu za hesabu, sauti inaendelea na safari yake. Ndiyo sababu wamama mliosoma kidogo mliona haya mbele ya watoto wenu, kwa kuwa walikuja kwenu na madaftari na hamkujua la kujibu. Msione haya. Hata mwalimu wa historia ukimpelekea kemia atakuna kichwa.

Kompyuta zilizokufa

Sasa tuseme wazi jambo ambalo watu hawapendi kuliandika. Katika shule moja ya upande wetu, hatutaji jina, wageni waliwahi kuleta kompyuta kumi. Kulikuwa na ngoma, wamama walivaa vikwembe vya namna moja, watoto waliimba. Hakuna aliyesema nani atalipa umeme. Umeme wenyewe ulikuja usiku wa manane na kukatika alfajiri. Betri ziliisha nguvu, vumbi likaingia, na ufunguo wa chumba ukakaa kwa mtu mmoja aliyeogopa mali isiibwe. Hakuna mtoto aliyefundishwa chochote kwenye mashine zile. Tulilotaka kuwaonyesha ni hili: hazikuuawa na ujinga wetu, kama wengine walivyosema. Ziliuawa na karatasi ya mapatano isiyokuwa na mstari wa umeme.

Na umeme katika nchi yetu ni habari ya kuchekesha na kuliza. Hapa karibu, kwenye mto Lufira, kuna mtambo wa Mwadingusha tangu 1930 na ule wa Koni tangu 1950. Tangu 1982 waya mkubwa unatoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita zaidi ya elfu moja na mia sita, unapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha koroboi. Mitambo na waya ule vilijengwa kwa ajili ya shaba. Kwa hiyo mtu akituambia kituo cha masomo kitategemea waya wa SNEL tu, tunamwambia kwa heshima: Baba, weka na paneli za jua.

Inawezekana, tena imefanyika mahali pagumu kuliko kwetu. Mwaka 2013 wakfu wa Vodafone na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walianza kufungua madarasa ya tableti katika kambi ya Dadaab, Kenya, kwenye joto na mchanga. Baadaye waliyafungua Tanzania, na hapa Kongo katika kambi za wakimbizi waliotoka Afrika ya Kati, upande wa Ubangi. Wana nguvu za jua na betri, wana intaneti ya setilaiti, wana sanduku lenye tableti 25, projekta na spika. Na wana mwalimu aliyefunzwa kusimamia chumba, mtu wa pale pale. Kama mtoto mkimbizi katikati ya msitu anaweza kufungua tableti, mtoto anayekaa kilomita ishirini hivi kutoka Likasi amekosa nini?

Tena si lazima intaneti iwepo kila saa. Kuna programu kama Kolibri, zinazoweka masomo ndani ya kompyuta ndogo moja. Watoto wanaungana nayo kwa tableti au simu bila kulipa hata mega moja. Kuna Kiwix, kazi iliyoanzia Uswisi, inayoweza kuingiza Wikipedia yote ya Kiswahili ndani ya kadi ya simu. Mara moja kwa mwezi mtu anakwenda Likasi mjini, anachukua masomo mapya kwenye tawi la kituo, anayaleta. Tunaleta hivyo unga, chumvi na sabuni. Masomo nayo yatapanda moto moto, pikipiki ni ile ile. Na wenye simu kubwa wasingoje: VodaEduc, iliyoanzishwa na wakfu wa Vodacom pamoja na wizara, ina masomo ya shule ambayo mteja wa Vodacom anayafungua bila kununua mega.

Watoto wanaookota mawe

Tulisema tutarudi kwenye lugha. Turudi, maana hapa jambo linagusa afya za watoto wetu.

Jina la kijiji chetu linajulikana duniani kuliko jina la Likasi. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp aliona hapa mawe yenye uranium. Union Minière iliyachimba, mwanzoni kwa ajili ya radium. Mwaka 1940 mkurugenzi wake Edgar Sengier alituma tani karibu 1,200 za mawe hayo New York, na yalitumika katika kazi iliyozaa bomu la Hiroshima la Agosti 1945. Mashimo yalifungwa kabla ya uhuru, lakini wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliamuru pafungwe, na Julai mwaka ule ule shimo lilianguka, watu wakafa. Baada ya hapo wakaaji waliondolewa. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zina mtu aliyepita katika habari hiyo.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya ardhi hii, kwa Kiingereza na Kifaransa. Sasa mwulizeni mtoto wa darasa la tano kwa nini asipeleke nyumbani jiwe la rangi ya kijani au ya njano na kulichezea chini ya kitanda. Mwulizeni mionzi ni nini, kwa nini haionekani, haina harufu, na hata hivyo inadhuru damu na mifupa. Hajui, na si kosa lake. Somo la mionzi liko katika fizikia ya madarasa ya juu, kwa Kifaransa, na wengi wanaacha shule kabla ya kufika huko. Wale wanaokwenda kusaidia kuosha mawe ni hasa wale wasiofika.

Kama kituo cha taifa kitatuuliza somo la kwanza tunalotaka ni lipi, ni hilo: mionzi na vumbi la migodi, kwa Kiswahili, kwa picha, kwa sauti, lisikilizwe na mtoto pamoja na mama yake. Lisitungwe Paris. Litungwe na walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wa Chuo Kikuu cha Likasi na wa Institut Supérieur Pédagogique ya Likasi, wakikaa na daktari na mchimbaji.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Watanzania wanafundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali siku zote, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye intaneti. Wana pia Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, chenye matawi katika mikoa, ili mtu asome akiwa kazini kwake. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tumesikia mengi juu ya ushuru na mipaka ya jumuiya hiyo. Mbona hatusikii juu ya vitabu? Mshirika wa kwanza wa kutafutwa, kwa maoni yetu, yuko Dar es Salaam kabla ya kuwa Ulaya. Kifaransa kibaki, hatukikatai, ndicho cha mtihani wa Dola. Lakini mtoto aelewe kwanza.

Na mama mwenyewe?

Elimu ya msingi ni bure tangu Septemba 2019, na tunashukuru, ingawa madarasa yalijaa mpaka watoto wanaandika magotini. Aliyechelewa hakupata bure hiyo. Tunawajua wamama kati yetu walioacha shule wakiwa darasa la sita kwa sababu pesa ya minervali ilikwenda kwa kaka. Wana akili ya kuhesabu faida ya makala mpaka senti ya mwisho. Sheria inawaruhusu watu wasiopitia shule kufanya mtihani wa Dola, wanaitwa otodidakti. Kwanza wanafanya jaribio la kuingia, kisha mtihani wenyewe. Mlango upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaandaa, na mahali pa kujiandalia.

Hapa kituo kingetufaa kuliko wote. Lakini saa zake ziwe za mama. Asubuhi mama yuko shambani, saa sita yuko kwenye moto wa bukari, jioni ana watoto. Kati ya saa nane na saa kumi alasiri anaweza kupata nafasi, kama mtoto mchanga ana mahali pa kulala. Chumba cha masomo bila mkeka wa watoto ni chumba cha wanaume, hata kama mlangoni wameandika wote mnakaribishwa. Na wababa wanaosema mama akishika simu ataharibika, tunawauliza kwa upole: pesa za mauzo ya makala zinapitia simu ya nani?

Kwa hiyo tumeandaa barua ya chama. Tunaomba tawi la kituo liwe Likasi, kwenye ISP, na chumba kidogo kimoja katika shule ya upande wetu. Tunaomba karatasi ya mapatano itaje paneli za jua na pesa za betri mpya baada ya miaka michache; itaje mshahara wa msimamizi, naye awe mwanamke au mwanamume wa hapa, si fundi wa kutoka Kinshasa anayekuja mara mbili kwa mwaka. Ufunguo ukae kwa kamati ya watu watatu, mmoja awe mama wa chama. Na somo la mionzi liwe la kwanza. Hatuombi jengo. Ukuta tunao, bati tunaweza kuchanga.

Barua itasomwa Jumamosi ijayo saa nane, mahali petu pa kawaida, kisha kila mwanachama atatia sahihi au alama ya kidole. Baadaye wajumbe wawili wataipeleka kwa mkurugenzi wa jimbo la elimu na kwa ISP. Wamama wanaotaka kujiandikisha kwa mtihani wa otodidakti waje na cheti chochote walicho nacho, hata kama kimechanika. Anayeandika Kifaransa vizuri aje na kalamu, maana barua itakuwa kwa lugha mbili.